Tairi za mbele ndo zinabeba kila kitu: gari ya kuvuta mbele kwenye traki

Watu wa kwetu tumelelewa na Safari Rally, na ukilelewa na Safari unakua ukijua gari ya mbio ni Subaru ama Evo ya Mitsubishi, foo-wili (tairi zote nne zinavuta), vumbi limepanda mpaka huoni kitu, ama kama wewe ni wa zamani kidogo basi Datsun na Peugeot 504 za kusukuma nyuma. Gari ya kuvuta mbele hiyo wanasema ni ya kupeleka watoto shule. Haya maneno nayasikia kila nikiweka picha ya Civic yangu, na juzi tena binamu yangu wa Nairobi amenunua Golf GTI safi kabisa, kabla hata hajaizoea kuna mtu ashamwambia kama anataka traki, yaani kuendesha kwenye uwanja wa mbio, akaiuze atafute foo-wili. Kwa hivo hii naandika kwa ajili yake na kwa kila mtu mwenye Golf, Polo, Civic, Swift Sport, Vitz RS, Clio, chochote ambacho injini inazungusha tairi za mbele, kwa sababu nazipenda hizi gari na inaniuma zikidharauliwa na watu ambao hawajawahi kukaa ndani ya moja ikiwa imetengenezwa vizuri na dereva anajua anachofanya.

Na wanaotaja Safari wasisahau kwamba ile mbio ilianza 1953 ikiitwa Coronation Safari na 1956 ilichukuliwa na DKW, gari ya Kijerumani ya silinda 3, kuvuta mbele. 1964 Erik Carlsson alikuja na Saab 96, kuvuta mbele vilevile, akamaliza wa pili. Mwaka huo huo Mini Cooper S ikachukua Monte Carlo, ikarudi ikachukua tena 1965 na 1967. Tukija siku hizi, kule Nürburgring Ujerumani, ile traki ndefu inayoitwa Nordschleife, 2014 Seat Leon Cupra ikawa gari ya kwanza ya kuvuta mbele ya barabarani kushuka chini ya dakika 8, alafu 2019 Renault Megane R.S. Trophy-R ikaenda raundi nzima ya kilomita 20.8 kwa 7:45.39, na 2023 Civic Type R ikaipita kwa chini ya sekunde moja, 7:44.88. Hizo sio gari za kupeleka watoto shule, ingawa ukweli ni kwamba unaweza kuwapeleka pia, na hiyo ndo raha yake nyingine.

Mimi naishi Kent, Uingereza, na traki yangu ya karibu ni Brands Hatch. Gari yangu ni Civic Type R ile ya EP3, zile zilitengenezwa Swindon kuanzia 2001 mpaka 2005, injini ya K20 lita 2 bila tabo (turbo), kama hospawa 200, kilo 1,200 na kitu, na lever ya gia imetokea kwenye dashibodi karibu na usukani, mahali ambapo mkono unaifikia haraka kuliko gari yoyote niliyoendesha. Ni gari ya zamani sasa. Kenya huwezi hata kuiingiza maana sheria ni miaka 8. Lakini kila nitakachosema hapa kinaingia kwenye Golf ya binamu yangu bila kubadilisha chochote.

Kitu cha kuelewa ni kimoja tu na ukikishika mengine yote yanajieleza. Kwenye gari ya kuvuta mbele, tairi mbili za mbele ndo zinakata kona, ndo zinapiga breki karibu zote, na ndo zinasukuma gari kutoka kwa kona, alafu juu yake zimekaliwa na injini na giaboksi, kwa hivo zinabeba asilimia 60 na zaidi ya uzito wa gari. Zile za nyuma zinafuata tu. Na tairi ina kiasi chake cha kushika barabara, hakiongezeki kwa sababu we unataka, ukikitumia chote kwa breki hakuna kilichobaki cha kukata kona, ukikitumia kukata kona alafu ukakanyaga mafuta, gari inaenda moja kwa moja kwenye nyasi huku umekunja usukani wote. Mshika mbili moja humponyoka. Kwa hivo maandalizi yote na uendeshaji wote ni kujibu swali moja, nawezaje kuzipunguzia mzigo hizi mbili za mbele na kuzifanya za nyuma nazo zifanye kazi?

Ndo maana nikimuona mtu ananunua intaki (njia ya hewa ya injini) na kuremapu injini, yaani kubadilisha programu ya kompyuta yake iongeze nguvu, kabla ya kitu kingine chochote nasikitika kweli. Nguvu zaidi ni mzigo zaidi kwa tairi ambazo tayari zimechoka. Weka hiyo pesa kando kwanza.

Anza na breki, na kwenye breki anza na mafuta ya breki, sio diski kubwa za kupendeza. Mafuta ya breki yanafyonza unyevu kutoka hewani pole pole hata gari ikiwa imepaki tu. DOT 4 ikiwa mpya kiwango chake cha chini ni kuchemka kwenye nyuzi 230, ikishafyonza maji kiwango kinashuka mpaka 155, na kwenye traki kalipa (zile zinazobana pedi) zinafika huko bila shida yoyote. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanika, pedali inashuka mpaka chini na gari haisimami. Hakuna onyo la maana. Kwa hivo kabla ya siku ya kwanza kabisa mwambie fundi atoe yote aweke mapya, na kama unaweza weka yale ya mbio, Motul RBF 600 kwa mfano inachemka juu ya nyuzi 300 ikiwa mpya. Na wale wa Mombasa, Dar, Zanzibar, kule unyevu hewani ni mwingi mwaka mzima, msikubali fundi akwambie mafuta ya breki ni ya maisha.

Alafu pedi. Pedi za kawaida zimetengenezwa kusimama vizuri asubuhi kukiwa baridi ukielekea kazini, zikipata moto wa traki zinateleza juu ya diski, unakanyaga kwa nguvu zote na pedali ni ngumu lakini gari haipungui spidi. Hiyo ni tofauti na mafuta kuchemka na ni muhimu ujue tofauti: pedali laini inayozama ni mafuta, pedali ngumu isiyofanya kitu ni pedi. Mimi mbele nimeweka Ferodo DS2500, zinapiga kelele kidogo mjini lakini unaweza kwenda nazo kazini na traki bila kubadilisha. Nyuma usiweke pedi dhaifu eti kwa sababu za mbele ndo zinafanya kazi, nyuma ikisaidia hata kidogo mbele inapumua. Diski za kawaida za kampuni nzuri zinatosha kabisa. Zile za matundu mi siziweki, zinapasuka kuanzia kwenye matundu zikipata moto mara nyingi.

Tairi sasa. Hapa nina maneno mengi. Usianze na semi-slick, zile tairi laini za traki zenye michoro michache. Anza na tairi nzuri ya barabara, zote nne sawa, kampuni moja, na uzifundishe miguu na mikono yako, kwa sababu tairi ya barabara inalia kabla ya kuachia na ule mlio ndo mwalimu wako. Ukishazoea ndo uende kwa kitu kama Yokohama AD08RS ama Nankang NS-2R ambazo huku watu wengi wa bajeti wanazitumia, na mbele zaidi Cup 2 za Michelin. Kwenye EP3 ni 205/45 R17 na hazihitaji kuwa pana zaidi ya hapo kama alaimenti (pembe za tairi) iko sawa.

Upepo ndo kitu cha bure ambacho watu wengi wanakipuuza. Tairi ikipata moto upepo unapanda, za mbele kwenye gari zetu zinaweza kupanda psi 6 ama 7 ndani ya raundi chache, kwa hivo ukianza na 34 ya barabarani utajikuta juu ya 40, tairi imevimba katikati, inateleza. Anza chini, mimi naanza kama 28 mbele, toka piti (pale pembeni gari zinaposimama), piga raundi zako, rudi, pima hapo hapo zikiwa za moto, punguza mpaka kama 34, na uandike kwenye daftari. Gauji nunua yako, ile ya petroli stesheni usiiamini. Nyuma naacha psi 2 ama 3 juu ya zile za mbele ili mkia uwe mwepesi kidogo kugeuka, lakini hilo fanya ukishaizoea gari, sio siku ya kwanza. Na jioni kabla hujaingia barabara kuu uzijaze tena, maana zikipoa zitakuwa chini sana.

Na tafadhali, tairi mbovu usipeleke nyuma. Najua kwetu ndo desturi, mpya mbele kwa sababu ndo zinavuta, kipara nyuma. Kwa traki hiyo ni hatari kabisa na nitaeleza kwa nini nikifika kwenye kuendesha.

Alaimenti ndo kitu kilichobadilisha gari yangu kuliko kingine chochote nilicholipia. Gari ikitoka kiwandani tairi za mbele zinasimama karibu wima, na ukiingia kona kwa nguvu bodi inalala, tairi nayo inalalia upande wa nje, unakula bega la nje la tairi mpaka nyuzi zinatokea huku ndani bado ni mpya. Dawa yake ni kuilaza tairi ndani kwa juu, mafundi wanaita kemba, digrii 2 mpaka 2 na nusu mbele. EP3 haina sehemu ya kurekebisha hiyo mbele kwa hivo unaweka bolti maalum ama topu mauntingi za kurekebisha, na Golf vilevile inahitaji kazi kidogo. Ukishabadilisha kemba lazima upime upya tairi zinaelekea wapi zikitazamwa kutoka juu, maana kimoja kinavuta kingine, mbele naziacha sambamba kabisa. Ukifanya hivi gari itakata kona kama imepewa tairi mpya, na hizo tairi zitaishi muda mrefu zaidi.

Nyuma weka antirolubaa nene zaidi, kile chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona. Hii ni siri ya gari zote za kuvuta mbele zinazoenda vizuri. Ukiifanya nyuma iwe ngumu kulala, uzito unaohamia upande wa nje kwenye kona unabebwa zaidi na nyuma, tairi za mbele zinapata nafuu, gari inageuka. Utaona gari inainua tairi ya nyuma ya ndani juu hewani ikiingia kona, usiogope, ndo inavyotakiwa.

Na difu, kile kifaa kinachogawa nguvu kati ya tairi mbili. Gari nyingi za kuvuta mbele zina difu ya kawaida, na difu ya kawaida inapeleka nguvu kule kwenye urahisi, yaani kwenye kona tairi ya ndani ambayo haina uzito ndo inazunguka bure inatoa moshi na gari haiendi. EP3 za soko la Japani zilikuja na LSD kutoka kiwandani, yaani difu inayobana isiache tairi moja izunguke bure, za huku Uingereza hazikuja nayo, wakati Integra Type R ya DC2 iliyouzwa huku ilikuwa nayo na ndo sababu moja watu wanaiheshimu mpaka leo. Quaife ambao wanatengeneza LSD za gia wako hapa hapa Kent. Ni pesa nyingi, giaboksi lazima ishuke, na ndo maana naiweka mwisho kwenye mpango, lakini ukishaionja hutaki tena kurudi. Golf GTI za Mk7 zenye Performance Pack zina difu inayobana kwa umeme, kwa hivo kabla hujanunua angalia kama yako inayo.

Mengine ni ya haraka. Oili ya injini mpya na ujaze mpaka alama ya juu, kwa sababu kona ndefu inaisukuma pembeni na pampu inanyonya hewa. Petroli usishuke chini ya robo tanki kwa sababu hiyo hiyo. Nati za tairi zikazwe kwa toki renchi, Honda ni Nm 108, na uzicheki tena kila kabla ya kutoka. Toa kila kitu ndani ya gari, speya, jeki, kapeti za chini hasa za upande wa dereva maana zinaweza kuteleza zikaingia chini ya pedali, chupa ya maji iliyosahaulika chini ya kiti pia imeshaleta balaa kwa watu. Huku kuna kipimo cha kelele, wanaweka mashine karibu na egzosi na unashikilia injini kwenye robo tatu ya RPM yake, ukizidi unarudi nyumbani na pesa hairudi, kwa hivo egzosi ya kupasua masikio iache. Helmeti, mikono mirefu, leseni. Bima yako ya barabarani kwa kawaida haiingii traki, kuna bima ya siku moja, na ukigonga reli za pembeni traki nyingine zinakutumia bili.

Asubuhi kuna mkutano wa madereva. Usikilize. Bendera ya njano punguza usipite mtu, nyekundu punguza kabisa urudi piti, ya buluu kuna mwenye spidi nyuma yako mpishe, nyeusi wanakuita wewe mwenyewe. Hapa tunapitana kwenye sehemu zilizonyooka tu na kwa kukubaliana, mwenye gari ya mbele anakuonyesha upite, na sehemu nyingi ni kupita kushoto. Kupima muda ni marufuku, sio mashindano, na mi naona ni sheria nzuri sana. Gari zenye hospawa 400 zitakupita kwenye sehemu iliyonyooka, zipishe mapema kwa moyo mweupe, utazikuta kwenye kona inayofuata zimesimama na we umekaa nyuma yao unasoma namba ya gari.

Chukua mwalimu. Karibu kila siku ya traki wapo na ni dakika 20 za pesa ya kawaida, zinakuokolea tairi nyingi.

Haya, kuendesha. Raundi mbili za kwanza usisukume. Na hapa ndo lile suala la tairi za nyuma linaingia. Kwenye gari ya kuvuta mbele za mbele zinapata moto haraka sana kwa sababu zinafanya kazi yote, za nyuma zinachukua raundi kadhaa, siku ya baridi ya Machi hapa Kent zinaweza kubaki baridi hata raundi ya nne. Dereva anahisi mbele imeshika, anaamini gari yote imeshika, anaingia kona kwa spidi, anaachia mafuta katikati ya kona na mkia unampita. Nimeona hii na Clio nzuri kabisa kwenye kona ya Graham Hill pale Brands, raundi ya pili, gari imegeuka ikaangalia ilikotoka. Ukipeleka na tairi za kipara huko nyuma ndo basi tena.

Traki ya Brands Hatch inayoitwa Indy ni fupi, kilomita 1.9, raundi kama dakika moja, lakini ina kila kitu cha kukufundisha. Formula 1 ilikuja hapa mara 14 kati ya 1964 na 1986, kwa ile traki ndefu. Kona ya kwanza ni Paddock Hill, kulia, unaifikia kwa spidi na barabara inaanguka mbele yako, huoni unakoenda. Kama kuna kona moja duniani ya kumfundisha mtu wa kuvuta mbele ni hii. Breki zote zipige gari ikiwa imenyooka, alafu ukianza kukata kona uiachie pedali pole pole, usiiachie ghafla, kwa sababu ile breki kidogo iliyobaki inaweka uzito mbele na tairi zinauma. Ukishageuka rudisha mguu kwenye mafuta kidogo tu, kiasi cha kuituliza nyuma, na usiinue mguu. Narudia, usiinue mguu. Pale unateremka, nyuma ni nyepesi kama karatasi, ukiachia mafuta uzito wote unakimbilia mbele na mkia unatoka. Ukifika chini barabara inapanda ghafla, gari inakandamizwa chini, na hapo tairi zinapata nguvu ambayo hazijawahi kuwa nayo, kanyaga.

Na ikitokea mkia umetoka, iwe hapo ama popote, kitu cha kufanya kwenye gari zetu ni kinyume na vile mwili unataka. Breki usiguse. Geuza usukani kufuata mkia, macho yaangalie kule unataka kwenda, na ukanyage mafuta. Mbele inaivuta gari inanyooka. Hii ndo zawadi ya gari ya kuvuta mbele na haipo kwenye ya kusukuma nyuma, lakini lazima uikubali moyoni kabla haijatokea kwa sababu ikitokea hakuna muda wa kufikiria.

Unapanda mpaka Druids, kona ya kulia ya kurudi ulikotoka, kali. Kile kilima kinakusaidia kupiga breki kwa hivo unaweza kuchelewa kidogo. Hapa ndo watu wengi wanaua tairi zao. Wanaingia mapema, wanagusa ndani mapema, wanakanyaga mafuta usukani ukiwa bado umekunjwa, gari inakwenda nje, wanakunja zaidi, tairi zinalia na moshi. Kukunja zaidi hakusaidii, tairi ikishapita kiwango chake unaisugua tu. Ukiona gari haikati, punguza mafuta kidogo, fungua usukani kidogo, ndiyo, fungua, isubiri iume, alafu endelea. Dawa yenyewe hasa ni subira mwanzoni: ingia taratibu, chelewa kukata, geuza gari kwa ile breki unayoiachia pole pole, alafu gari ikishaelekea kule unatoka nyoosha usukani ndo ukanyage. Mafuta na usukani viende pamoja, kimoja kikiongezeka kingine kipungue. Kama huna LSD hapa utamsikia yule tairi wa kulia akitaka kuzunguka bure, mguu wako ndo LSD yako, ongeza taratibu.

Graham Hill ni kushoto na unateremka kuifikia, tahadhari ni ileile ya kuinua mguu. Alafu Cooper Straight unapumua, unaangalia geji ya temperecha, unalegeza vidole kwenye usukani. Surtees kushoto, na kutoka hapo unaingia McLaren na Clearways, kona ndefu ya kulia inayokurudisha kwenye sehemu ya kuanzia, na hii inahitaji uvumilivu kuliko zote, kwa sababu unataka kukanyaga na unaona njia imefunguka na tairi la mbele kushoto limechoka kabisa. Brands kona nyingi ni za kulia kwa hivo hilo la kushoto mbele ndo linakufa kwanza, katikati ya siku nabadilisha kushoto liende kulia kama mchoro wa tairi unaruhusu.

Usikae nje muda mrefu. Raundi tano ama sita za nguvu, moja ya kupoza bila kugusa breki, rudi. Kwenye paki usivute handibreki, pedi za moto zikishika diski za moto zinaacha alama na utahisi gari ikitetemeka kila ukipiga breki baada ya hapo, weka gia na kitu nyuma ya tairi. Fungua boneti iache joto litoke. Gusa tairi kwa mkono, angalia bega la nje na la ndani, zitakwambia alaimenti ikoje na miguu yako ikoje.

Mvua ikinyesha usiende nyumbani! Wallahi siku ya mvua ndo siku yetu. Wenye gari za nguvu za kusukuma nyuma wanakunywa chai, we uko nje unajifunza kila kitu kwa spidi ndogo, tairi haziishi, breki hazipati moto, na kila kosa la mguu unalisikia. Uende polepole tu mwanzo hasa kwa sababu ya nyuma, na ukae mbali na ule mstari mweusi wa kawaida kwenye kona maana mpira uliolowa unateleza sana.

Kwa binamu yangu na wengine wa Nairobi, kuna jambo moja la kwenu ambalo huku hatuna. Kule mko juu, kama mita 1,700 Nairobi na kama 1,500 ukishuka Athi River kwenye traki ya Whistling Morans. Hewa ni nyepesi. Injini isiyo na tabo kama yangu ingepoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake, Golf yako yenye tabo itapoteza kidogo tu lakini tabo inafanya kazi zaidi na inapata moto zaidi, kwa hivo intakula (intercooler, inayopoza hewa ya tabo) iwe safi na uache raundi za kupoza ziwe nyingi. Na hewa nyepesi inapoza breki vibaya zaidi pia, kwa hivo yale ya mafuta ya breki na pedi kwako yana uzito mara mbili.

Kwa bei, kama ana pesa kidogo tu mwezi huu: mafuta ya breki na pedi za mbele kwanza, gauji ya upepo, siku moja na mwalimu. Mwezi ujao alaimenti na bolti za kemba. Antirolubaa ya nyuma ikipatikana. Tairi zikiisha zenyewe ndo zibadilishwe na nzuri zaidi. Remapu asiniulize mpaka zile za kwanza ziwe zimefungwa, na akishafunga anitumie picha ya tairi za mbele baada ya siku ya traki, bega la nje na la ndani, nimwambie aongeze kemba ama apunguze.